Sura ya 6: Ng'ombe Huyu Alikufa Saa Ngapi?

Swali hili huulizwa kwa hasira zaidi kuliko kwa udadisi. Mfugaji anamkuta ng'ombe wake amelala ubavu ndani ya shamba la ufuta, miguu imenyooka, tumbo limefura kama ngoma. Mwenye shamba anaapa kwamba alikuwa amelala kwake usiku kucha na hajui lolote. Mfugaji anaapa kwamba jana saa 12 jioni alimhesabu zizini mwenyewe. Mtoto wa jirani, ambaye hakuna aliyemuuliza, anasema ng'ombe huyo alikuwa hapo hapo tangu jana mchana. Mtendaji wa kijiji amesimama katikati na daftari lake, watu watatu wamempa maelezo matatu, na jua linapanda.

Mfano huo nimeutunga. Lakini ukiusimulia Nambilanje, wilayani Ruangwa, hakuna atakayekuuliza umeutoa wapi. Zamani kusini hakukuwa nchi ya ng'ombe wengi. Mbung'o, nzi anayeeneza ugonjwa wa nagana, alihakikisha hilo. Kisha wafugaji wakaondolewa bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007, na makundi makubwa yakashuka hadi mkoa wa Lindi: Kilwa, Liwale, Nachingwea, Ruangwa. Ng'ombe wakakutana na ufuta, mbaazi na mikorosho michanga. Ng'ambo ya mashamba kuna pori, na porini kuna simba na fisi. Kwa hiyo mnyama akikutwa amekufa, washukiwa ni wengi: jirani mwenye panga, ugonjwa, nyoka, sumu, simba. Ukijua alikufa lini, nusu yao unaweza kuwaruhusu warudi nyumbani.

Kazi ya kumchunguza mnyama aliyekufa ili kusaidia sheria huitwa uchunguzi wa jinai wa veterinari. "Veterinari" ni jina tu la tiba ya wanyama. Daktari wa kazi hii anatazama mzoga kama fundi saa anavyotazama saa iliyosimama, ila mzoga una saa nyingi kwa pamoja, na kila moja inakwenda kwa mwendo wake. Nyingine zinadanganya.

Niseme mapema kabla sijakuvunja moyo baadaye: hakuna daktari mkweli atakayekuambia ng'ombe alikufa saa 8 na dakika 20 usiku. Hayo ni ya kwenye filamu. Atakuambia "kati ya saa hii na saa ile". Ukikutana na anayetaja dakika, mwogope.

Daftari kwanza, mzoga baadaye

Kipimo cha kwanza hakihitaji daktari wala maabara. Ni maswali mawili: mara ya mwisho mnyama alionekana hai saa ngapi, na nani alimwona? Alikutwa amekufa saa ngapi, na nani alimkuta? Kifo kiko katikati ya majibu hayo mawili. Kila kitu kingine katika sura hii, kuanzia kipimajoto mpaka funza, kazi yake ni kulibana pengo hilo.

Tatizo ni kwamba maswali haya huulizwa yamechelewa. Mtendaji anafika saa 5 asubuhi, watu wamekwisha mgeuza ng'ombe, wamemvuta hadi kivulini, mwingine amemchoma kisu tumboni "ili gesi itoke". Mbuzi ndiye anayeonewa zaidi: hufungwa nyuma ya bodaboda na kupelekwa ofisi ya kata kama ushahidi. Akifika, ushahidi umebaki njiani. Tutaona kwa nini.

Saa ya joto

Mnyama hai ana joto lake. Ng'ombe na mbuzi wenye afya huwa karibu na nyuzi 38 na nusu hadi 39 na ushei, kuku hupita 41. Akifa, tanuri linazimika na mwili unaanza kupoa kufuata joto la mahali alipo. Daktari huingiza kipimajoto ndani kabisa ya njia ya haja kubwa, akisubiri kitulie, kisha hupima na hewa ya pale pale. Tofauti ya vipimo viwili inamwambia mwili umesafiri kiasi gani.

Katika nchi za baridi saa hii inafaa sana. Kwetu ina matatizo mawili. Mwezi wa Oktoba au Novemba, jua la mchana linapopita nyuzi 30, mwili hauna pa kupoea. Pengo kati ya mzoga na hewa ni dogo mno. Na ng'ombe mweusi aliyelala juani anaweza kuzidi kupata moto badala ya kupoa.

La pili ni tumbo. Ng'ombe, mbuzi na kondoo ni wanyama wanaocheua, na tumbo lao la kwanza, liitwalo rumeni, ni pipa la kuchachushia majani. Vijidudu vilivyomo humo havina habari kwamba mwenye tumbo amekufa. Vinaendelea kuchachusha kama pombe kwenye mtungi, vinatoa gesi na vinatoa joto. Kwa hiyo ng'ombe mkubwa anaweza kukaa saa kadhaa bila kupoa ndani, huku tumbo likizidi kujaa.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Wanaona tumbo limefura na wanasema: "Amekufa kwa kuvimbiwa," au "Kapewa sumu." Kila ng'ombe aliyekufa hufura, awe amekufa kwa radi, kwa uzee au kwa risasi. Kuvimbiwa kwa kweli, kule kunakoua, daktari hukutafuta kwenye koromeo la chakula. Gesi ikimbana mnyama angali hai, damu husukumwa kuelekea kichwani na shingoni, na koromeo huwa jekundu upande wa shingo, jeupe upande wa kifua, kukiwa na mpaka kati ya rangi hizo. Gesi iliyokuja baada ya kifo haiachi mpaka huo.

Saa ya kukakamaa

Ukimshika mbuzi aliyekufa sasa hivi, taya linafunguka kama la aliyelala. Rudi baada ya muda: taya limegoma. Misuli inahitaji nguvu hata ya kulegea, si ya kukaza tu. Akiba ya nguvu ikiisha baada ya kifo, misuli inakwama ilivyo, kama bawaba iliyoshika kutu. Kukakamaa huanza kwenye misuli midogo: taya, kisha shingo, kisha miguu ya mbele, mwisho ya nyuma. Kwa kawaida huanza ndani ya muda wa saa 2 hadi 6, hufika kileleni karibu saa 12 baada ya kifo, na huachia kati ya siku moja na mbili, kwa utaratibu ule ule.

Joto huharakisha mambo yote hayo. Mbio pia. Mbuzi aliyefukuzwa na mbwa au fisi mpaka akaanguka alikwisha tumia akiba yake akiwa hai, kwa hiyo hukakamaa upesi kuliko mwenzake aliyekufa amelala zizini. Daktari akikuta mzoga mkavu kama ubao lakini bado una joto jingi, lazima aulize: alikuwa anakimbia nini?

Sasa turudi kwa bodaboda. Mguu uliokakamaa kabisa ukikunjwa kwa nguvu ili ufungike kwenye kamba, ukakamavu unavunjika na haurudi. Daktari anayempokea mbuzi mwenye miguu laini na taya gumu hajui kama anatazama mwanzo wa saa, mwisho wake, au mikono ya dereva. Damu nayo ina yake. Moyo ukisimama, damu hushuka upande wa chini na kutuama, na baada ya saa kadhaa haihami tena. Kwenye ngozi yenye manyoya huoni kitu, lakini ukichuna unaona upande mmoja umewiva zambarau. Ukiwa wa juu badala ya chini, mzoga uligeuzwa au ulihamishwa, na mwenye shamba la ufuta ana haki ya kuuliza ulitoka wapi.

Kwa ufupi: joto, ukakamavu na damu vinafaa ndani ya siku ya kwanza na nusu hivi. Baada ya hapo vyote vimenyamaza.

Nzi hawezi kuhongwa

Mimi binafsi, kati ya saa zote, hii ndiyo ninayoiamini. Nayo haikuanza kwa madaktari wa binadamu peke yao. Aliyeandika kitabu maarufu cha wadudu wa maiti, mwaka 1894 huko Ufaransa, alikuwa Jean-Pierre Mégnin, daktari wa wanyama wa jeshi. Miaka zaidi ya 600 kabla yake, mwaka 1247, afisa wa mahakama wa China aitwaye Song Ci alikwisha andika kisa cha mtu aliyeuawa kwa mundu: wanakijiji wakaambiwa waweke miundu yao chini, na nzi wakatua kwenye mmoja tu, kwa harufu ya damu ambayo jicho halikuiona.

Unawajua nzi wenyewe: wale wa kijani au bluu wanaong'aa kama bati jipya. Mchana wenye joto wanaweza kufika kwenye mzoga ndani ya dakika chache. Hawatagi ovyo. Wanatafuta penye unyevu na kivuli: pembe za macho, puani, mdomoni, njia ya haja, na penye jeraha. Mayai ni meupe, yamerundikana kama chenga za mchele. Kwa joto la kwetu huanguliwa kabla siku moja haijaisha. Funza hupitia hatua tatu wakijivua ngozi, na daktari huzitofautisha kwa kutazama matundu ya kupumulia yaliyo nyuma yao. Siku ya nne hadi ya sita hivi hushiba, huuacha mzoga na kwenda kujifukia udongoni. Hapo hugeuka kuwa kibumba cha kahawia kama punje ya mtama mwekundu, na baada ya siku chache anatoka nzi.

Sasa litazame hili kwa karibu. Nzi hawa kwa kawaida hawatagi usiku. Ng'ombe wetu wa shamba la ufuta amekutwa saa 1 asubuhi. Daktari anainua kope la jicho kwa kibanio. Kama hakuna yai hata moja, inaelekea alikufa gizani, na maneno ya mfugaji yanasimama. Lakini kama kwenye kona ya jicho kuna rundo la mayai, na kando yake funza wembamba kama uzi wameanza kutambaa, mayai hayo yalitagwa jana kabla ya jua kuzama. Ng'ombe huyo hakuhesabiwa zizini saa 12 jioni. Mtoto wa jirani alikuwa anasema kweli.

Kuna mitego, na wakili hodari ataitumia. Wapo nzi wanaotaga kwenye kidonda cha mnyama aliye hai. Ng'ombe mwenye kidonda cha wiki nzima anaweza kufa leo akiwa na funza wa siku nne. Ndiyo maana funza wa machoni na puani wana uzito mahakamani kuliko wa kidondani. Mvua kubwa huwazuia nzi. Turubai nalo huwazuia. Dawa ya kuogeshea dhidi ya kupe na mbung'o, ikiwa bado iko kwenye ngozi, inaweza kuwachelewesha.

Anayechukua sampuli huchukua funza wakubwa kabisa anaowaona, maana hao ndio waliotangulia. Baadhi huwatumbukiza kwenye maji ya moto kisha kwenye spiriti, wasisinyae. Wengine huwaacha hai na kipande cha ini, wakue mpaka ijulikane ni nzi wa aina gani. Aina huhesabika, kwa sababu kila moja ina mwendo wake.

Kabla, au baada?

Mara nyingine swali lenyewe limekosewa. Kijiji kinabishana kuhusu saa, kumbe kinachotakiwa ni mfuatano: je, simba alimuua huyu ng'ombe, au alimkuta amekwisha kufa akajilia? Swali hili lina fedha ndani yake. Kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi zinahusu hasara iliyoletwa na wanyama wakali, siyo ng'ombe aliyekufa kwa ndigana na kuliwa na fisi usiku.

Jibu liko chini ya ngozi. Meno yanapomuuma mnyama aliye hai, moyo bado unasukuma, na damu huvilia kwenye nyama kuzunguka tundu: doa jeusi-jekundu lisilooshika kwa maji. Meno ya baada ya kifo huacha tundu kavu, nyama ya pembeni imepauka. Simba mara nyingi hukaba koo. Chuna ngozi ya koo. Pakiwa pasafi, mtafute muuaji mwingine. Jeraha la panga husomwa vivyo hivyo, na sheria ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2008 inamgusa anayemkata mnyama aliye hai.

Mizoga inayosomwa kutoka angani

Saa zote hizo ni za siku chache. Je, mnyama aliyekufa mwaka jana? Hapa kusini swali hilo liliulizwa kwa maelfu ya tembo, katika Pori la Akiba la Selous, lililo kaskazini magharibi ya Ruangwa ukishapita Liwale.

Mwaka 1976 ikolojia ya Selous ilikadiriwa kuwa na tembo wapatao 109,000. Sensa ya mwaka 2013 ilipata kama 13,000. Mwaka 2014 UNESCO ikaliweka pori hilo kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Waliohesabu waliruka kwa ndege ndogo, na hawakuhesabu walio hai tu. Walihesabu mizoga, na kila mzoga waliupa umri kwa kuutazama kwa sekunde chache dirishani. Utaratibu huo ulielezwa na Iain Douglas-Hamilton na Alison Hillman mwaka 1981, nao una madaraja manne:

1. Mbichi, chini ya mwezi mmoja: bado una nyama na umbo la mviringo, ardhi ina majimaji, tumbusi huenda wapo.
2. Wa karibuni, chini ya mwaka: ngozi ingalipo, mifupa haijatawanyika, na kuuzunguka kuna doa jeusi ambapo majimaji ya mwili yameua nyasi.
3. Wa zamani, zaidi ya mwaka: mifupa mieupe, ngozi imekwisha, majani yameota tena kwenye doa.
4. Wa zamani sana: mifupa imepasuka na kuwa ya kijivu, huweza kudumu hata miaka kumi.

Doa la nyasi ndilo linalonivutia. Tembo ameondoka, meno yameondoka, fisi wamekula walichokula, na bado ardhi inashika tarehe. Kisha wataalamu hufanya hesabu: katika kila tembo 100, walio hai na mizoga kwa pamoja, mizoga ni mingapi? Ikizidi 8 hivi, kuna shaka kwamba vifo vinazidi vizazi.

Tumbusi nao ni saa, na majangili wanalijua hilo. Ndege wakizunguka angani wanamwonyesha askari wanyamapori mzoga ulipo na kwamba ni mpya. Ndiyo maana kuna majangili wanaotia sumu kwenye mizoga, ili kuwaua ndege watoa habari.

Na jino lenyewe, likikamatwa bandarini maelfu ya kilomita kutoka porini? Hata hilo lina tarehe. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 yaliongeza hewani aina fulani ya kaboni, kaboni-14, karibu maradufu. Tangu hapo imekuwa ikipungua mwaka hadi mwaka. Majani huivuta, tembo hula majani, na jino hukua kutoka shinani maisha yake yote. Tabaka la mwisho kabisa, lile la ndani ya shina, limebeba kaboni ya siku zake za mwisho. Mwaka 2016 kundi la watafiti likiongozwa na Thure Cerling lilitangaza vipimo vya vipande 231 vya pembe zilizokamatwa kati ya 2002 na 2014. Zaidi ya asilimia 90 zilitoka kwa tembo waliokufa chini ya miaka mitatu kabla ya kukamatwa. Waliokuwa wakisema ni pembe kuukuu zilizovuja kutoka maghala ya serikali walikosa la kusema. Mwaka mmoja kabla, kundi la Samuel Wasser lilikuwa limeonyesha kwa vinasaba kwamba pembe nyingi za tembo wa savana zilitoka kusini mashariki ya Tanzania na kaskazini ya Msumbiji. Mahali na wakati, vyote viwili, vikawa vimejulikana kutoka kwenye jino lisilo na mwili.

Kabla hujaugusa

Yote niliyoandika kuhusu kuinua kope na kuchuna koo ni kazi ya daktari mwenye glovu. Wewe na mimi tusiifanye.

Mnyama aliyekufa ghafla, akafura haraka mno, asikakamae vizuri, na damu nyeusi isiyoganda ikamtoka puani au nyuma, anashukiwa kuwa na kimeta. Mzoga huo haufunguliwi kabisa. Ukipasuliwa, vimelea hukutana na hewa na kujitengenezea gamba linalowawezesha kukaa udongoni miaka mingi, wakingoja ng'ombe mwingine. Bwana mifugo atachukua tone la damu sikioni na kulipeleka maabara. Wakala ya Maabara ya Veterinari ina kituo Mtwara. Na Ruangwa haihitaji kuhadithiwa kuhusu maradhi ya kutoka kwa wanyama. Julai 2022 wilaya hii ndiyo iliyotajwa nchi nzima kwa homa ya Mgunda, inayoenezwa kwa mkojo wa wanyama walioambukizwa: watu 20 waliugua, 3 wakafariki.

Unachoweza kufanya ni kidogo, na hakuna daktari anayeweza kukifanya kwa niaba yako kesho. Simama hatua chache pembeni, upande upepo unakotoka. Piga picha ya mzoga mzima, kisha ya kichwa, kisha ya ardhi kuuzunguka pamoja na nyayo, kabla watu hawajazikanyaga. Andika kama uko juani au kivulini, na kama mvua ilinyesha usiku. Waulize waliopo, mmoja mmoja, nani alimwona mnyama hai mara ya mwisho. Zuia watu wasimgeuze. Ukiandika saa, ongeza "asubuhi" au "usiku", maana "saa 2" peke yake imewahi kuzua kesi ya pili juu ya ile ya kwanza. Halafu mpigie bwana mifugo, na mbuzi asipande bodaboda.